Tujenge Tena Pale Pale?

Hotuba ya kamati ya makazi kwa wana-Kirumba, katika mkutano wa harambee ya mwaka



Kamati ya makazi tulipewa kazi moja. Tulikabidhiwa maombi ya wanachama wanaotaka mfuko wetu uwasaidie kujenga upya nyumba zilizoharibiwa na maji, baadhi kule chini karibu na mwalo, nyingine kwenye kingo za makorongo yanayoshuka kutoka mlimani. Tukaambiwa: nendeni mkaone, kisha mje mtuambie tutoe kiasi gani. Tumekwenda, tumeona, tumerudi. Lakini kabla ya kiasi kuna swali jingine ambalo hatuwezi kulirukia, nalo ni kama inafaa kujenga pale kabisa.

Jibu letu tulitoe mapema, ili asiyekubaliana nasi apate muda wa kukasirika na kupoa kabla ya chakula. Tunapendekeza fedha za chama zisinunue hata kilo moja ya simenti kwa ajili ya nyumba ya kulala watu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, wala ndani ya njia ya maji ya korongo. Na tunapendekeza vilevile kwamba hakuna hata mmoja kati ya walioomba atakayeondoka mikono mitupu. Mambo haya mawili yanaonekana kugombana. Ndiyo maana tumeomba muda wenu.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana wengi wetu tunalizungumzia kama jirani aliyebadilika tabia ghafla. Halijabadilika. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu kubwa ya maji yake, takriban asilimia 80, hailetwi na mito bali ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, kule Jinja unakoanzia Mto Nile. Mvua ikizidi mwaka mmoja au miwili mfululizo, maji yanaingia kwa wingi kuliko yanavyoweza kutoka. Ziwa linapanda taratibu, bila kelele, halafu linachukua miaka mingi kushuka.

Wazee waliopo hapa wanazikumbuka mvua za mwaka 1961. Kati ya mwaka huo na 1964 ziwa lilipanda kwa karibu mita mbili na nusu. Baada ya hapo likawa linashuka na kupanda, linashuka na kupanda, lakini kwa jumla likielekea chini, hadi mwaka 2006 lilipofika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Hapo katikati watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakauona ufuo mpana na mkavu, wakauita kiwanja. Nani atawalaumu? Kijana wa miaka 30 mwaka ule wa 2006 hakuwahi kuliona ziwa likiwa kwenye kilele chake. Aliyemuuzia kiwanja pengine aliliona, lakini muuzaji ndiye mtu wa mwisho mwenye sababu ya kusimulia habari za namna hiyo.

Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42. Rekodi ya mwaka 1964 ilikuwa mita 13.41. Baada ya miaka 56, tofauti ni sentimita moja! Na mwaka 2024 ziwa likapanda tena likapita hapo. Tunaosema ziwa limevamia watu tuzitazame tarakimu hizo vizuri: ziwa lilirudi kwenye alama yake, likatukuta sisi tumehamia.

Kuna maneno ya vijiweni kwamba yote haya ni Waganda wanafunga bwawa. Bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, lipo tangu mwaka 1954, na ni kweli kwamba anayeshika milango yake anaweza kuongeza au kupunguza kiasi fulani. Lakini mvua ina nguvu kuliko yeye. Hatuwezi kupanga maisha ya Kirumba tukisubiri mtu wa Jinja afungue koki.

Sasa hesabu ndogo, ambayo fundi yeyote anaielewa. Mahali ambapo ardhi inainuka mita moja kwa kila hatua ya mita 50 kutoka majini, ziwa likipanda mita moja linakufuata mita 50 nchi kavu. Kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020 lilipanda zaidi ya mita moja. Kwa hiyo ile mita 60 iliyomo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo wengi tunaiona kama fimbo ya maofisa wa mazingira, kwa ufuo tambarare si ukali hata kidogo. Ni kama upana wa mkeka wa ziwa pale linapoamua kujinyoosha.

Tulipofika hapo, baadhi yetu kwenye kamati walisema: basi imekwisha, watu wahame. Ndipo wengine wakauliza: wahamie wapi, na wakafanye nini huko? Mabishano hayo yalituchukua vikao kadhaa, na tunaona ni haki mjue tuliyoyazungumza.

Kwanza, si kila maafa yanafanana. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Watu walikufa, maelfu ya nyumba yakaharibika, na shule ya sekondari ya Ihungo ikabomoka vibaya. Hakuna aliyesema Ihungo ihamie mkoa mwingine. Ilijengwa upya kulekule Bukoba, na sisi tunaona ilikuwa sahihi, kwa sababu tetemeko halichagui kiwanja hiki na kukiacha kile cha jirani. Kinachoua ni nyumba: ukuta usio na mkanda wa zege, kona ambazo hazikufungwa, udongo badala ya simenti. Vivyo hivyo Mwakata kule Kahama, tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe na upepo vilipoua watu zaidi ya 40 usiku, wengi wakiangukiwa na kuta za nyumba zao. Huwezi kumwambia mtu wa Mwakata ahame ili akwepe mawingu. Unamwambia ajenge ukuta utakaosimama. Kwa maafa ya aina hiyo tungesema bila kusita: jenga pale pale, ila jenga vizuri kuliko mwanzo.

Maji na tope ni habari nyingine. Hivyo vina njia, na njia hiyo inajulikana. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Serikali haikuwajengea walionusurika juu ya tope lile lile. Ilijenga nyumba zaidi ya 100 katika kijiji cha Waret, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Hanang. Neno tunalotaka mlishike ni hilo la mwisho: wilaya hiyo hiyo.

Kwa sababu kuhamisha watu mbali kumejaribiwa, na matokeo yake tunayajua. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na wakazi wa bonde la Msimbazi wakapewa viwanja Mabwepande, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kiwanja ni kitu kikubwa, hatukibezi. Lakini mtu ambaye mkate wake uko Kariakoo, anayebeba mizigo alfajiri au kuuza chai kwa wabeba mizigo, atafika saa ngapi kutoka Mabwepande, na nauli ataitoa wapi kabla hajauza kikombe cha kwanza? Wapo waliouza viwanja wakarudi Jangwani. Watu wakawacheka, wakasema ni wabishi, wanapenda mafuriko. Sisi tunaojua maana ya kuamka saa tisa za usiku kuwahi mitumbwi hatukucheka.

Jirani zetu wa Uganda walipitia njia hiyo. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ukakifukia kijiji cha Nametsi, na mamia ya watu wakapotea. Familia nyingi zikapelekwa Kiryandongo, mbali kabisa, upande mwingine wa nchi. Walipewa ardhi. Na bado wapo waliorudi mlimani, kwenye migomba na kahawa yao, kwenye makaburi ya wazee wao. Mlima ukaporomoka tena Bududa Oktoba 2018. Safari iliyofuata serikali yao ikajenga makazi Bunambutye, Bulambuli, chini ya mlima ule ule, mahali ambapo mtu akiinua macho anaiona kwao.

Lakini mfano uliotukalisha muda mrefu kuliko yote ni wa hapa hapa nchini, nao ni wa zamani zaidi. Mwaka 1968 Mto Rufiji ulifurika. Serikali ya Mwalimu ikawahamisha wakulima wa bondeni kwenda kwenye vijiji vipya vya ardhi ya juu, kazi iliyojulikana kama Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema, na huduma kama shule na zahanati zingewafikia kirahisi. Ila rutuba ilibaki bondeni, kwa sababu iliyoileta ni mafuriko yenyewe. Watu wakawa wanalala juu na kulima chini, wengine kwa mwendo mrefu sana. Msimu wa mpunga wakawa wanahamia shambani wiki kwa wiki, wakiishi kwenye dungu. Kwa wasiolijua, dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, cha kulindia shamba dhidi ya ndege na wanyama, na maji yakija yanapita chini. Dungu lilikuwepo kabla ya operesheni yoyote. Mrufiji alikwishaelewa kwamba mto utakuja, akaweka sakafu yake mahali ambapo mto haufiki, na shamba akaliacha mtoni. Tulipolitafakari dungu tukaanza kuona mlango wa kutokea.

Mwenzetu mmoja kwenye kamati akaleta mfano wa Japani. Kuna kijiji kidogo cha pwani kinaitwa Aneyoshi, ambacho mawimbi ya tsunami yalikiangamiza mwaka 1896 na tena 1933. Waliosalia walipanda juu, wakasimamisha jiwe lenye maandishi ya kuwakataza watoto na wajukuu wao kujenga chini ya hapo. Bandari haikuhama. Wavuvi waliendelea kushuka baharini asubuhi na kupanda nyumbani jioni. Mwaka 2011 ilipokuja tsunami kubwa, maji yaliishia chini ya jiwe, na nyumba za kijiji zikabaki salama.

Ukiiweka mifano hii yote pamoja, utaona kwamba swali la kuhama au kubaki limekaa vibaya. Swali ni umbali kati ya kitanda na kazi. Mabwepande ni mbali, mtu anarudi. Aneyoshi ni karibu, mtu anabaki juu miaka na miaka. Na sisi Kirumba tumejaliwa kitu ambacho watu wa Jangwani hawana: mlima uko nyuma yetu, hatua chache kutoka majini.

Basi tuseme habari za kwetu.

Kazi ya mwalo haihami. Dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa wanashushwa alfajiri, wanaanikwa, wanafungwa kwenye magunia, wanapakiwa kwenye malori ya kwenda Kongo, Burundi na kwingineko. Mama anayenunua ndoo kumi akaanike lazima awe pale mtumbwi unapogusa mchanga, maana bei ya saa kumi na mbili si bei ya saa mbili. Ukimpa kiwanja Buswelu chenye hati na ramani atakushukuru, atapiga picha na wewe, na baada ya mwaka utamkuta amepanga chumba Kirumba, pengine kwenye nyumba ile ile iliyomtoa. Kwa hiyo soko, vichanja vya kuanikia, mitumbwi, stoo, mama lishe, vyote hivyo vibaki chini, lakini vijengwe kwa akili ya dungu. Sakafu ya stoo iinuliwe. Vichanja viwe vya kufungua na kuhamisha. Vyoo vya soko visiwe vya shimo karibu na maji, kwa sababu ziwa likipanda, maji yanapanda chini ya ardhi pia, shimo linajaa kutokea chini, na baada ya hapo tunazika watu kwa kipindupindu wakati tunaendelea kulaumu samaki.

Kinachohama ni kitanda. Tunapendekeza kwamba kila familia iliyoomba msaada wa kujenga ufuoni ipewe msaada wa thamani ile ile kwa ajili ya kupata mahali pa kulala juu, ndani ya kata yetu au ya jirani, umbali wa kutembea kwa miguu. Kwa aliye na uwezo wa kuanza msingi, tumsaidie msingi. Kwa mpangaji, tumlipie kodi ya miezi sita na kumsaidia kuhamisha vitu.

Na hapa kuna jambo ambalo hatutalificha hata kama litawaudhi baadhi ya wanachama wakubwa. Walio wengi kwenye vyumba vya ufuoni ni wapangaji. Maombi tuliyoyapokea ya simenti na bati, mengi yameandikwa na wenye nyumba. Tofali moja tutakalolitoa linamfaidi mwenye nyumba, ambaye yeye mwenyewe analala juu kwenye upepo mzuri, na anayelala ndani ya ukuta huo ni mtu mwingine kabisa. Mfuko wa maafa usaidie aliyelowa.

Tumesikia hofu moja kutoka kwa kina mama wa mwaloni, na tunaiona ni ya kweli. Wanasema: mkituondoa sisi kwa jina la mafuriko, baada ya miaka miwili tutaona ukuta, geti na mlinzi, na hoteli ya mtu imesimama pale pale tulipokatazwa kuweka kitanda. Wana-Kirumba, jambo hilo limewahi kutokea kwenye fukwe nyingi za dunia hii, na hatuna sababu ya kudhani sisi tuna kinga. Ikiwa maji ni hatari kwa nyumba ya bati, ni hatari kwa ghorofa. Kwa hiyo pendekezo letu lina sharti: chama kisilipe hata shilingi ya kuhamisha mtu kabla serikali za mitaa husika hazijaweka kwenye muhtasari wa mkutano wa hadhara kwamba ukanda unaoachwa wazi ni wa wote, wa vichanja, mitumbwi na miti, na nakala ya muhtasari huo ifike Manispaa ya Ilemela. Karatasi peke yake haizuii tajiri, tunajua. Lakini bila karatasi hata pa kuanzia kelele hapatakuwepo.

Upande wa makorongo tutapita haraka, kwa sababu hoja ni nyepesi. Korongo ni mto unaolala miezi mingi na kuamka wakati wa vuli na masika. Milima yetu ni ya mawe na udongo wake ni mwembamba. Mvua ikinyesha hainyonywi, inateremka yote kwa mara moja. Kila paa jipya la bati na kila uwanja uliosakafiwa huko juu unaongeza kasi ya maji huku chini. Nyumba ndani ya njia hiyo hatuzijengi, familia zake zisaidiwe kwa utaratibu ule ule wa ufuoni. Na takataka, tafadhali. Mtaro wa mamilioni unazibwa na mifuko ya taka ya wiki mbili, na kuna wenzetu wanaosubiri mvua ili wafungulie vyoo vyao vitiririke korongoni. Hao tunawajua kwa sura.

Mlimani ndiko tunakosema jengeni, bakini, lakini si kila mahali na si kwa namna ile ile. Watu wanakaa katikati ya yale mawe makubwa ambayo wageni wanakuja kuyapiga picha. Jiwe lililokaa maelfu ya miaka halianguki kwa hasira zake. Linaanguka kwa sababu tumechimba chini yake kupata kiwanja sawa, au tumevunja kokoto pembeni yake, au tumeuelekeza mchirizi wa paa letu kwenye udongo unaolishikilia. Baada ya kila mvua kubwa mwenye nyumba azunguke atazame: je, kuna ufa mpya ardhini upande wa juu? Je, mti umeanza kuinama? Je, maji yanatoka mahali ambapo hayakuwa yanatoka? Je, mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kukwama? Ukiona mawili kati ya hayo kwa pamoja, usilale humo usiku wa mvua. Kalale kwa ndugu, na uwaite viongozi wa mtaa asubuhi.

Kinachoweza kufanyika mlimani kinajulikana, na si cha ajabu. Mitaro ya ngazi inayovunja kasi ya maji. Kuta za kuzuia udongo zenye matundu ya kutolea maji, kwa sababu ukuta usio na matundu unageuka bwawa. Nyavu za waya zilizojazwa mawe kwenye kingo, na mawe tunayo kuliko mkoa wowote. Kule Igogo, Mabatini na Kilimahewa, mamlaka ya maji, MWAUWASA, imekwishapitisha mabomba madogo ya majitaka kwenye miteremko ambayo zamani tuliambiwa haiwezekani kuhudumiwa. Watu hawakuhamishwa, bomba lilipinda likapita kati ya nyumba. Huko ndiko kunakoitwa kujenga upya pale pale kwa maana yake nzuri.

Tumefika kwenye fedha. Tunapendekeza nusu ya makusanyo ya mwaka huu iende kwenye mitaro na kuta za mlimani, kwa sababu huko juu ndiko tunakowapandisha wengine, na hatutaki kumtoa mtu kwenye maji kumpeleka chini ya jiwe. Nusu nyingine igawanywe kati ya kodi na misingi ya familia zinazohama, na kazi za kuinua stoo na vyoo vya mwalo. Tunajua ndugu zetu mlio mbali mnapenda kuona nyumba, yenye bati jipya na kibao cha jina la mfadhili. Mtaro hauna sura ya kupendeza kwenye simu. Ukifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea, na jambo ambalo halikutokea haliwezi kupigwa picha. Hata hivyo tunaomba mchangie mtaro.

Kuna watakaosema kwamba tukikataa simenti, watu watajenga tu kwa fedha zao. Ni kweli, baadhi watajenga. Hatuna polisi na hatutaki kuwa nao. Lakini kuna tofauti kati ya mtu kuamua mwenyewe na jamii yake nzima kumchangia alale mahali tunapojua maji yatarudi. Usiku maji yatakapoingia, watoto watakaobebwa mgongoni watakuwa wametoka kwenye chumba tulichokilipia sisi. Hilo ndilo lililotufanya tukubaliane, hata wale wetu waliokuwa na ndugu kwenye orodha ya waombaji.

Fomu za ahadi ziko kwenye ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki, zenye sehemu tatu: mitaro, makazi ya familia, na mwalo. Anayetaka fedha yake iende sehemu moja aweke alama hapo. Anayepinga mapendekezo haya asiondoke nayo moyoni. Kipindi cha maswali kinafuata sasa hivi, na kura itapigwa mchana.

Jambo la mwisho ni dogo na ni la bure. Tunataka kuweka alama za ziwa kwenye mawe ya ufuo, kwa rangi nyeupe, ili mnunuzi wa kiwanja mwaka 2060 asitegemee maneno ya muuzaji. Alama za 2020 na 2024 wengi tunazikumbuka. Ya 1964 tunawahitaji wazee: waliokuwa watoto wakati ule, waliovua au kuoga pale, waje watuonyeshe maji yaliishia wapi. Tutakutana mwaloni Jumamosi ijayo saa moja asubuhi. Rangi imeshapatikana. Ngazi bado hatuna; mwenye nayo atuone kabla ya chakula.